Printa mpya kwa kompyuta ya 1999: nilivyohudumiwa na fundi wa Malindi

Asalaam aleikum jamaa. Naandika hii kwa sababu mwezi huu peke yake nimeulizwa na watu watatu hapa Lamu, mmoja ana gesti Shela, mmoja ni wa madrasa na mwengine anauza spea za mashine za boti pale Langoni, na wote taabu yao ni moja: printa imekufa, kompyuta ni ya zamani lakini nzima, wamenunua printa mpya kwa pesa nzuri na sasa hivyo vitu viwili haviskizani. Mimi nimepita hapo hapo. Nimepoteza karibu miezi miwili na pesa kabla sijampata mtu wa kunitoa, kwa hivyo nitaeleza yote, fundi mwenyewe, bei, printa niliyonayo sasa, na pale ambapo sikuridhika pia nitasema.

Kwanza mjue kazi yenyewe, maana bila hiyo mtaniambia "si ununue kompyuta mpya tu" kama alivyoniambia kila mtu. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi, boriti, chokaa, saruji, misumari, rangi, mabati. Wateja wengi wako mbali na mji, Matondoni, Kipungani, Manda, Pate, Faza. Mzigo unatoka dukani kwa punda mpaka gatini, unaingia mashuani, na unakwenda na karatasi. Karatasi ni tatu zenye kaboni zinazopigwa kwa pamoja, nyeupe ya mteja, pinki ya nahodha, na ya njano inarudi dukani ikiwa na saini ya aliyepokea. Hiyo ya njano ndio ushahidi wetu. Mtu akija baada ya miezi sita kusema saruji ilikuwa mifuko 30 sio 40, unafungua faili unamtolea ya njano na saini yake mwenyewe, yamekwisha, mnakunywa kahawa.

Kompyuta ilinunuliwa 1999, iko na Windows 98, na ndani yake kuna programu ya madeni na stoku inayofunguka kwa ile skrini nyeusi ya DOS (mfumo wa zamani wa kabla ya Windows), herufi nyeupe, hata mausi huhitaji. Aliyeitengeneza alikuwa kijana rafiki wa baba, alishahamia ng'ambo zamani. Deni la kila mtu tangu mwaka huo liko mle. Baba anaiendesha bila kutazama kibodi, F2 mteja, F5 mzigo, F9 karatasi itoke. Umri wake sasa umepita sabini na ile programu haijamkosea hesabu hata siku moja, mimi siwezi kumwambia aiache ati kwa sababu ya printa.

Printa yetu ilikuwa Epson LX-300, zile za utepe na kelele. Hewa ya chumvi imeila. Kichwa cha hizi printa kina pini 9 zimepangwa wima, kila pini inapiga mstari wake, na yetu pini ya katikati ilikwama. Sasa chukua herufi e uitoe ule mstari wa kati, inakuwa c. Hiyo unaweza kuvumilia. Lakini 8 ikikosa kiuno inakuwa 0. Mteja mmoja wa Matondoni alilipa 1,000 badala ya 1,800 na karatasi yake kweli ilisomeka 1,000, hatukuwa na la kumwambia. Siku hiyo baba aliizima printa kwa mkono wake akaifunika kitambaa.

Nikaenda kununua mpya. Duka sitalitaja. Nilieleza vizuri kabisa kwamba kompyuta ni ya zamani sana, nikajibiwa bora iwe na USB, itashika. USB inayo, mbili, kwa nyuma. Basi nikachukua printa ya wino wa matangi, ina waifai, inaskani, inatoa fotokopi, Ksh 26,000. Nikaifikisha Lamu, nikachomeka, waya ukaingia barabara, skrini ikaandika imeona kifaa kipya na inaomba diski. Nikatia diski, diski ikasema inataka Windows 7 kwenda juu. Na hapo ndo mlango ukafungwa. Windows 98 Microsoft wenyewe waliacha kuishughulikia Julai 2006, hakuna anayetengeneza printa leo akaiandikia draiva (ile programu ya kuifanya kompyuta ielewane na printa), nilitafuta siku nne mfululizo mpaka salio la data likaisha.

Halafu ikaja habari ya kebo. Na hapa naomba mtu asome taratibu kwa sababu wengi wanaumia hapa. Nyuma ya kompyuta za zamani kuna lile tundu refu la matundu 25, mara nyingi ni la rangi ya zambarau au pinki, ndilo tulilokuwa tukichomekea LX-300. Nikaona mtandaoni kebo, upande mmoja USB upande mwengine kichwa cha aina hiyo, nikamwandikia muuzaji nataka kuunganisha printa ya USB kwa kompyuta ya tundu refu, akasema ndio yenyewe, tuma pesa. Ksh 1,800, na vichwa viwili vya kugeuzia juu yake. Ilipokuja haikufanya chochote, hata taa.

Kumbe kebo zile zinakwenda upande mmoja tu. Zimetengenezwa kwa mwenye kompyuta mpya ya USB na printa ya zamani ya tundu refu, yaani kinyume cha shida yangu. Kwenye USB lazima upande mmoja uwe ndio unaoamuru na mwengine unaitikia, kompyuta ndio inaamuru, printa inaitikia tu. Lile tundu refu la kompyuta halijui kuamuru kifaa cha USB, lilikuwepo miaka mingi kabla USB haijatoka 1996, kwa hivyo ukigeuza kebo unakuwa na printa inangoja kuamriwa na hakuna wa kuamuru. Hakuna kichwa cha kugeuzia kitakachosaidia hapo. Mtu akikuuzia kwa kazi hiyo mrudishie siku hiyo hiyo.

Kijana mmoja wa saiba naye alinisaidia kwa roho safi, hakuchukua hata senti, akachukua laptopu yangu ya Windows 10 akaunga ile printa ya wino, ikachapa safi, akasema sasa tutaishea kwa waya wa netiweki ile ya zamani iione. Tukakaa mpaka isha. Windows 98 haikuiona laptopu kabisa. Akasema kuna kitu cha zamani anaweza kukiwasha kwenye laptopu ili zionane ila hana uhakika nacho, nikamwambia basi tusiwashe tusichokijua. Nashukuru nilisema hivyo, nitaeleza.

Sasa fundi. Nilipata habari zake kwa mama mdogo anayekaa Malindi, aliwatengenezea mashine ya zahanati moja huko ambayo wengine walisema itupwe. Yuko Malindi mjini, si mbali na stendi, juu ghorofani, chumba kimoja. Jina lake hataki liandikwe kwa sababu anafanya kazi peke yake na hataki foleni, lakini ukifika pale stendi ukiuliza fundi wa mashine za zamani utaonyeshwa ngazi. Niliifunga sipiyu kwa leso mbili halafu nailoni juu kwa sababu ya maji ya boti, nikavuka Mokowe, nikaipakata ndani ya basi njia nzima, Hindi, Witu, Garsen, kila tunapoteremshwa kukaguliwa vitambulisho nateremka nayo. Na ile printa ya wino chini ya buti.

Nilitegemea ataanza kutazama matundu nyuma kama wote walivyofanya. Hakutazama. Aliniuliza, "Mwanangu, hii mashine inamwambia nini printa?"

Sikumuelewa. Nikamwambia ami, inamwambia ichape.

"La. Inatuma herufi ama inatuma picha?"

Akaiwasha, akatoka mpaka kwenye ile skrini nyeusi, akachukua printa yake moja ya utepe iliyokuwa pale akaichomeka kwa lile tundu refu, akaandika echo LAMU > lpt1 (lpt1 ndio jina la lile tundu refu) akabonyeza enta. Printa ikapiga kriii, ikatoka karatasi imeandikwa LAMU. Akaniambia umeona, kompyuta imetuma herufi nne, L, A, M, U, na hii printa inazijua herufi, ndani yake zimo, kazi yake ni kuzipiga tu. Halafu akachukua ile yangu ya wino akaiunga kwa laptopu yake mpya, ikachapa picha ya bahari vizuri sana. Akasema hii mwanangu ndani yake hakuna herufi. Laptopu ndio inachora ukurasa mzima, nukta kwa nukta, halafu inaitumia mchoro uliokwisha, na anayechora ni draiva. Sasa programu ya baba yako haina draiva, inaropoka herufi tu kwenye tundu. Hata nikupatie waya wa dhahabu wa kuziunga, mmoja anasema herufi na mwengine anangoja mchoro.

Wallahi miezi miwili hakuna aliyenieleza hivyo. Wote walihangaika na tundu, hakuna aliyeuliza lugha. Akaniambia printa nazo zina lugha, zile za Epson za utepe zinatumia inayoitwa ESC/P, leza nyingi za ofisi zinajua PCL ya HP au PostScript ya Adobe, zote mbili za tangu 1984, na zile za bei nafuu za nyumbani mara nyingi hazijui yoyote, zinategemea draiva tu. Kwa hivyo kabla ya kununua printa kwa ajili ya mashine ya zamani soma kwenye karatasi ya maelezo imeandikwa lugha gani. Ikiwa hakuna lugha iliyotajwa, iogope.

Halafu kabla hajagusa kitu kingine akasema kitu ambacho kwangu mimi peke yake kilitosha kumlipa. Alisema hatuendelei mpaka tutoe nakala ya diski. Diski imezunguka zaidi ya miaka 20, siku ikikataa kuzunguka printa haitakuwa shida yako tena. Akafungua sipiyu, vumbi la ndani lilikuwa na mchanga mweupe wa Lamu kweli kweli, akaipangusa kwa brashi ya rangi, akatoa diski, ni ya ule waya mpana wa pini 40, ya giga 6, akaichomeka kwa kikifaa cha kugeuza kwenda USB akaivuta yote. Nilikaa pale natazama namba zikipanda na moyo unanidunda. Ilipoisha akanionyesha folda ya programu ya baba, deni zote, wateja wote, mizigo yote tangu 1999, haikufika hata MB 60. Video moja ya harusi kwenye simu yangu inaizidi. Akaniwekea kwenye flashi mbili, akasema moja iweke dukani na moja iweke nyumba nyengine, sio zote mbili kwenye droo moja.

Akakuta pia betri ya ndani, ile ya mviringo CR2032, imekufa. Hapo nikaelewa kwa nini karatasi zetu za mwisho zilikuwa zikitoka na tarehe ya mwaka 1980 na baba anaiandika upya kwa kalamu kila asubuhi. Ksh 100 tu. Miaka mitatu tumeishi na hilo.

Kisha akakaa akasema, "Ndia ziko tatu, mwanangu." Ndia, sio njia, nikajua ni wa kwetu, kumbe kazaliwa Pate.

Ndia ya kwanza ni ile ya kijana wa saiba, kupitisha kupitia laptopu ya kati. Kwa Windows 98 aliikataa. Alisema mashine hizo za zamani zinaongea kwenye netiweki kwa kitu kinaitwa SMB1, na Windows 10 tangu toleo la mwisho wa 2017 ukiiweka upya inakuja bila nacho, na sababu ipo, ile virusi ya WannaCry iliyofunga mafaili ya mahospitali na makampuni dunia nzima Mei 2017 ilipenya kwa udhaifu uliokuwa ndani ya hicho kitu. Inawezekana kukirudisha lakini laptopu hiyo hiyo ndio ninayoingilia eCitizen na benki, akasema mimi kwa mkono wangu sikufungulii. Nilimpenda hapo, sababu angeweza kufungua, akachukua pesa yake na mimi nisijue.

Ndia ya pili ni kununua printa mpya ambayo bado inajua lugha ya zamani na bado ina lile tundu. Zipo, zinatengenezwa mpaka leo, kwa sababu mabohari na maofisi mengi bado wanapiga karatasi za kaboni. Akanitajia Epson LX-350. Ndio mrithi wa ile yetu, pini 9 vile vile, ina matundu matatu kwa nyuma, USB, lile refu, na lile la siriali, na inapiga karatasi ya juu pamoja na nakala 4 chini yake. Nami nahitaji mbili tu chini. Hilo la kaboni ndilo lililoamua, maana ile ya wino inanyunyiza, haigongi, hata ingekubali kuunganika isingetoa ya pinki na ya njano, ningechapa mara tatu mbalimbali na nahodha angesaini moja tu. Kwenye duka nililonunua ile ya kwanza hakuna aliyeniuliza natoa karatasi gani.

Ndia ya tatu ni kuihamisha programu yenyewe iende kwenye laptopu. Windows za sasa za biti 64 haziwezi kufungua programu za DOS zenyewe, lakini kuna programu ya bure inaitwa vDos, imetengenezwa mahsusi kwa ajili ya hizi programu za kazi za DOS, unaiweka kwenye laptopu, programu ya zamani inafunguka ndani yake ikidhani iko kwao, na ikituma herufi kwa lile tundu refu, vDos inazidaka inazichora na kuzipeleka kwa printa yoyote ya Windows. Alinijaribia pale pale kwa nakala ya diski, si kwa diski yenyewe. F2, F5, F9, na ile printa yangu ya wino ikatoa karatasi ya mzigo kwenye A4, mistari ya boksi imenyooka, jina la duka juu. Nilitokwa na machozi kidogo, mnisamehe, sababu nilikuwa nishajiambia zile 26,000 zimezama.

Tukachukua mbili kwa pamoja. LX-350 kwa ajili ya baba na kompyuta yake, na vDos kwenye laptopu yangu ikae akiba, siku ile sipiyu ikilala moja kwa moja kazi isisimame. Wikendi nanakili data ya wiki kwa flashi naiweka kwenye laptopu. Printa aliniagizia Mombasa, ikaja kesho yake, Ksh 38,000, risiti ya duka walilonunua nilipewa mkononi na bei haikuongezwa kitu. Kazi yake yote, nakala ya diski, kusafisha, betri, kuweka vDos na kunifundisha, Ksh 3,500. Na kebo sikununua. Ile ile ya LX-300 ya tangu 1999, upande mmoja pini 25 na upande mwengine kile kichwa kipana cha 36 chenye vishikizo viwili vya waya, aliipangusa kwa spiriti ikaingia kwa LX-350 kama ilizaliwa nayo. Sharti moja tu alinikazia mara mbili, kebo hii si kama USB, usiichomoe wala kuichomeka vitu vikiwa vimewaka, unaweza kuunguza tundu la kompyuta na hilo halina spea. Zima zote mbili kwanza.

Nilivyofika Lamu niliiunga mwenyewe. Ukitaka kujua printa ni nzima kabla ya kulaumu kompyuta, unashikilia kile kitufe cha LF/FF huku unaiwasha, inajichapia karatasi ya majaribio bila kompyuta yoyote. Ikatoka. Nikaiunga, baba akakaa, F9. Ikapiga. Akazitenganisha tatu, akaishika ile ya njano ya chini kabisa akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akatafuta 8. Zilikuwa na viuno vyao. Hakusema kitu, akamhudumia mteja aliyekuwa akingoja tangu asubuhi.

Sasa ina miezi mitano. Printa yenyewe nitaisifu na nitaisema. Inapiga haraka kuliko ile ya zamani, herufi za nakala ya tatu zinasomeka bila kukaza macho, na utepe wa kwanza umekwenda miezi minne kwa karatasi kama ishirini kwa siku. Ila kelele iko pale pale, mtu akipiga simu unatoka nje. Karatasi za mafungu zenye matundu pembeni zinashika unyevu kwetu huku, kipindi cha kusi zinajikunja na kukwama, tunaziweka ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko na zinazotumika siku hiyo ndio zinakaa mezani. Na usiiweke dirisha la baharini. Ya kwanza ilikaa dirisha la baharini, hii iko ukuta wa ndani, na jioni inafunikwa.

Fundi naye ana upungufu wake. Simu hashiki, unapiga mara tano, ujumbe anajibu usiku. Hana garantii ya maandishi, anakwambia kikikusumbua rudi, na kurudi kwangu ni boti na basi. Kutazama tu anatoza Ksh 500 hata kama hatatengeneza, mimi naona ni haki lakini wengine hawapendi kushtukizwa, basi jueni. Na maelezo yake hayaandiki, mimi niliyaandika kwenye daftari nikamsomea akasahihisha, fanyeni hivyo. Ningempa nyota nne na nusu, ile nusu ni ya simu.

Yule wa gesti aliniuliza mashine yake ni Windows XP na hahitaji kaboni, yeye risiti za wageni tu. Nilimuulizia fundi, jibu lake ni kwamba XP ni rahisi zaidi. Tafuta leza inayojua PCL na yenye tundu la netiweki, sio USB peke yake. XP ndani yake inakuja na draiva ya HP LaserJet 4, printa ya zamani, na leza nyingi zenye PCL zinaielewa vizuri kwa maandishi ya kawaida, unaweka anwani ya printa na poti 9100 (namba ya mlango ambao printa inapokelea kazi kwenye netiweki), huhitaji diski wala laptopu ya kati. Kama programu ni ya DOS juu ya XP basi iongezewe ile amri ya net use lpt1 ili herufi zinazokwenda tundu refu zipelekwe kwa printa iliyosheiwa. Na ukiona leza imekubali kazi halafu taa inamweka na karatasi haitoki, si mbovu, inangoja kuambiwa ukurasa umekwisha, programu nyingi za zamani haziambii, bonyeza kile kitufe cha kuendelea itaitoa. Lakini XP nayo iliachwa Aprili 2014, isiingizwe kwenye intaneti, ifanye kazi yake ya risiti tu.

Wa madrasa yeye kompyuta yake haina data yoyote ya kuhifadhi, ni kuchapa barua na ratiba. Huyo nilimwambia asiende popote, anunue laptopu ya mtumba na printa yake mpya itashika siku hiyo hiyo.

Fundi anafungua saa tatu asubuhi, Ijumaa anafunga saa sita mpaka saa nane, Jumapili hayupo. Ukienda beba sipiyu, beba na kibodi yake kwa sababu zile za zamani ni za tundu la duara na yeye anayo moja tu, skrini usibebe. Beba karatasi moja ya ile kazi unayoichapa, atakuomba hiyo kabla ya kitu chochote. Na kama printa ya zamani bado unayo ibebe hata kama imekufa, LX-300 yetu aliichukua kwa ajili ya gia na rola akanipunguzia Ksh 1,000.